Kibali cha Bi Nyanzala

Hapo zamani, na msinikodolee macho, maana zamani nyingine ni ya majuzi tu, paliondokea mjini Tabora mama mmoja jina lake Nyanzala. Nyanzala ni jina la mtoto aliyezaliwa mwaka wa njaa. Alizaa watoto wawili wa kiume, Masanja na Maganga, na mume akamfia wakiwa bado wadogo. Akalima karanga. Akauza karanga. Akawasomesha kwa karanga. Anayedharau karanga anyamaze mpaka nimalize.

Masanja akaoa binti mmoja mpole, jina lake Kabula. Maganga akaenda ng'ambo. Nchi gani? Nchi ya baridi. Mwenye kutaka jina akatafute ramani, mimi nasimulia habari za watu.

Siku zikaenda. Masanja akashikwa na homa, siku ya nne akafa. Kabula hakuwa amejaaliwa mtoto. Sasa nyie desturi mnaijua: mjane asiye na mtoto, matanga yakiisha, kwao wanakuja kumchukua, na hakuna wa kumlaumu. Kaka zake wakaja. Kabula akawaambia, "Nipeni wiki mbili, mama hajakaa sawa." Wiki mbili zikaisha, akasema, "Nipeni mwezi." Mwezi ukaisha. Mwaka ukaisha. Ikaisha miaka sita, na Kabula yumo mle mle, anampikia mama mkwe, anamfulia, anamkanda miguu kwa maji ya moto. Na macho ya Bi Nyanzala yakaanza kufifia. Presha ya macho, walisema hospitali. Akawa anaona mwanga na vivuli tu, na huo mwanga wenyewe wakamwambia hautakaa sana. Kabula akawa anamshika mkono kwenda uani, anamshika mkono kwenda msibani, anamshika mkono kwenda kuota jua.

Na Maganga je? Maganga si mwana mbaya, msianze. Fedha alituma kila mwezi, na nyumba ile iliishi kwa mkono wake. Na kazi yake huko, hapa msicheke, ilikuwa ni kutunza wazee. Anaogesha mama za watu. Analisha mama za watu kwa kijiko. Anawafunika blanketi mama za watu. Kisha anatoka kazini, anapiga simu Tabora, anauliza, "Mama, umekula?" Alikuja nyumbani mara moja, akakaa siku kumi na mbili, akarudi. Alikuwa na mke huko, na watoto wawili, na watoto hao bibi yao aliwajua kwa sauti tu. Viza ya matembezi waliiomba mara mbili, wakanyimwa mara mbili. Wakubwa wa nchi ile walisema: bibi huyu akifika hatarudi.

Bi Nyanzala hakuwa mtu wa kuombaomba. Lakini siku moja aliishika simu kwa mikono miwili akasema, "Maganga, mwanangu, nimebakiwa na wewe mmoja. Nataka niwaone hao watoto, hata kama ni vivuli vyao tu, kabla sijaingia gizani. Na nikishawaona, nataka nikae nao mpaka Mungu anite. Nimechoka kupendwa kwenye simu."

Maneno hayo yalimkosesha Maganga usingizi. Akaenda kuuliza. Akaambiwa kwamba iko njia. Nchi ile mzazi mzee anaweza kupewa kibali cha kuhamia kwa mwanawe, si kutembea, kuhamia kabisa, kwa masharti mawili. Sharti la kwanza: awe anaishi kwa mkono wa mwanawe huyo. Sharti la pili: kwao asiwepo mtu wa kumtunza.

Sharti la kwanza lilikuwa jepesi. Sharti la pili lilikuwa Kabula.

Maganga akampigia simu shemeji yake. Akazunguka weee, mara mvua zimenyesha, mara karanga zimeota, mpaka Kabula akacheka.

"Shemeji, sema tu. Ugali wangu unaungua."

"Shemeji, mama anaweza kuja huku. Moja kwa moja. Lakini pana kizuizi."

"Kizuizi gani?"

"Kizuizi ni wewe."

Kabula akainua mwiko. "Unataka nife, shemeji?"

"Nataka usiwepo. Kwenye karatasi. Wakija kuuliza, wamkute mama yuko peke yake."

Kabula akasonga ugali wake mpaka ukaiva. Kisha akasema, "Nitahama." Alisema hivyo kwa sababu alimpenda yule mama na alijua anachokitamani. Na mimi nitawaambia jambo ambalo yeye hakulisema: alikuwa amechoka pia. Mtu anaweza kupenda na kuchoka siku hiyo hiyo, na asiwe mnafiki.

Basi Kabula akafunga vitu vyake kwenye khanga mbili, akahamia upande wa pili wa reli, kwa Shangazi Mwamini. Shangazi Mwamini alikuwa dada wa marehemu mume wa Bi Nyanzala, mwanamke wa maneno machache, na kila neno lake katika ukoo ule lilipita bila kupingwa. Kila alfajiri Kabula alivuka reli, akaingia kwa mlango wa uani, akawasha moto, akamwogesha mama, akampikia uji na chakula cha mchana, akafunika, akaondoka kabla watu hawajafungua madirisha. Mtendaji wa mtaa alipokuja saa nne kuandika barua ya utambulisho, alimkuta Bi Nyanzala amekaa peke yake mlangoni, na fimbo yake. Akaandika alichokiona: bibi huyu anaishi peke yake.

Mtaani nako kukawaka. Mnatujua. Wanawake wa bombani wakasema, "Kabula kamtupa mama wa watu. Kipofu! Kamwacha kipofu!" Wengine wakaacha kumwamkia. Mmoja aliisogeza ndoo ya Kabula kwa mguu, akaweka yake mbele. Kabula akangoja zamu yake, akachota, akajitwisha, akaenda zake. Miezi minne hiyo. Nani kati yenu angeiweza? Mimi nisingeweza hata wiki, ningesema yote siku ya pili, tena kwa sauti.

Sasa jirani na Shangazi Mwamini alikuwapo fundi baiskeli mmoja, Kulwa. Mke wake alikuwa amefariki, ana watoto watatu wadogo. Yeye alifungua kibanda chake mapema, na kila siku alimwona Kabula akirudi kutoka ng'ambo ya reli jua likichomoza. Siku moja akamuuliza, "Dada, unatoka wapi kila asubuhi?"

"Kazini."

"Kazi gani hiyo, unarudi na unga mikononi?"

Kabula akaangalia mikono yake, akaifuta kwenye khanga. Kulwa hakuuliza tena, alikuwa ameshaelewa. Mji mzima ulisema Kabula amemtupa mama mkwe, na mtu mmoja tu nje ya ukoo aliijua kweli, naye akaitunza. Baada ya wiki chache akatuma mshenga kwa Shangazi Mwamini. Kabula alikuwa na miaka thelathini na minane. Mwanamke wa umri huo, asiye na mtoto, akipata posa ya mtu muungwana, hana muda wa kuiweka juu ya kabati. Akasema, "Nimekubali. Lakini mama asafiri kwanza."

Hapa ndipo palipo na fundo, kwa hiyo nyamazeni kidogo.

Kwetu sisi mjane hamwambii mama mkwe kwa mdomo wake kwamba anataka kuolewa. Ni aibu. Ni kama kumwambia, mwanao nimemsahau. Neno hilo hubebwa na mtu mzima wa ukoo wa mume, naye hulipeleka kwa wakati wake, kwa heshima yake. Kabula akampa Shangazi Mwamini neno lake alipeleke. Shangazi Mwamini akalipokea, akalikalia. Alijiambia moyoni, "Nikimweleza wifi yangu sasa hivi, atadhani tunamsafirisha ili tumwoze mkamwana. Atakataa kwenda. Acha apate kibali kwanza, nitamwambia siku ya kufunga mizigo." Alikuwa na nia njema kabisa. Na Kabula, kila alfajiri alipomwogesha mama yake, alidhani mama anajua ila ananyamaza kwa heshima. Na mama hakujua lolote.

Siku ya mahojiano ikapangwa. Wiki tatu Maganga alimfundisha mama yake kwenye simu, yeye akiwa ndiye afisa.

"Bibi, nani anakupikia?"

"Hakuna."

"Nani anakuogesha?"

"Najiogesha mwenyewe."

"Nani anakushika mkono?"

"Jirani yeyote anayepita."

"Vizuri sana, mama!"

"Vizuri nini? Unanifundisha uongo na unanisifu, kama vile hukulelewa na mimi." Lakini alicheka, na alirudia, na aliyaweza majibu yote. Alitaka kwenda. Hilo msilisahau, kwa sababu baadaye wako watakaosema hakutaka.

Wakapanda treni. Wakafika Dar es Salaam kwa watani zetu Wazaramo, wakaambiwa karibuni sana mabibi wa asali ya Tabora. Kabula alikuja naye, maana nani mwingine angemleta? Walikubaliana abaki nje. Lakini pale mlangoni pa ubalozi pana ngazi, na sakafu inateleza, na kipofu hawezi kusukumwa mbele kama mkokoteni. Askari akasema, "Wewe uliyemshika, mpeleke mpaka kwenye kiti." Akampeleka mpaka kwenye kiti. Na alipotaka kuondoka, Bi Nyanzala akawa bado ameushika mkono wake.

Ndani alikuwapo afisa wa nchi ile, mwanamume wa makamo, na mkalimani, binti wa Kitanzania. Bi Nyanzala akaamkia kwanza, kama anavyoamkia kila mtu asubuhi: "Mwangaluka, wanangu."

Afisa akauliza. Mkalimani akafasiri. "Bibi, mwanao anakuhudumia?"

"Ananihudumia. Kila ninachokula ni jasho lake."

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Nani anakupikia?"

"Hakuna."

Mpaka hapo mambo yalikwenda. Afisa akaandika, akainua kichwa, akauliza swali ambalo Maganga hakulifundisha, maana hakulifikiria. "Na huyu aliyekaa hapo, amekushika mkono, ni nani wako?"

Jibu lilikuwepo. Jirani. Ni neno dogo. Kabula mwenyewe aliuminya mkono wa mama, kumkumbusha. Bi Nyanzala akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena.

"Siwezi kumkana mtu mbele ya uso wake," akasema. "Huyu ni mwanangu. Sikumzaa, nilimpata kwa mwanangu aliyekufa. Miaka sita ananipikia, ananiogesha, anakata kucha zangu. Hajawahi kuniinulia sauti. Mtaani kwetu wanamtukana kwamba amenitupa, naye kila alfajiri yuko kwangu kabla ya jogoo. Mama yangu mzazi hakunitunza hivi."

Mkalimani akainama, akasema taratibu, "Bibi, niseme hivyo hivyo?"

"Sema yote, binti yangu. Usiache hata neno moja."

Kabula alikuwa analia. Na mkalimani akasema yote, hakuacha hata neno moja, na afisa akaandika yote. Kisha akafunga jalada, akasema kwa adabu kwamba watapata barua.

Barua ikafika baada ya wiki tano. Mnajua ilivyosema. Ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji kwao anaye mtu wa kumtunza, tena kwa upendo. Hilo neno upendo walikuwa wameliandika kabisa.

Wakakutana nyumbani kwa Bi Nyanzala: yeye mwenyewe, Kabula, Shangazi Mwamini, na Maganga ndani ya simu iliyowekwa juu ya kigoda. Maganga ndiye aliyeanza.

"Mama, neno moja tu! Miaka mitatu nimefukuzia karatasi hizi. Nimezeeka kwenye foleni zao. Ulibakisha neno moja. Ungesema 'jirani', leo ungekuwa unajifunza majina ya wajukuu wako mbele yao. Mimi nilistahili kukupata, mama. Kila siku naogesha mama wa mtu mwingine, na nikimaliza najiuliza wangu kaogeshwa na nani."

Kabula akafuata. Alikaa chini, mikono mapajani, wala hakuinua macho.

"Mama, nisamehe kwa nitakalosema. Miezi minne nilikubali kuitwa mtu mbaya ili wewe upate njia. Uliponitaja mbele ya wale watu, nililia kwa furaha, sitadanganya, hakuna aliyewahi kunisema hivyo. Lakini nilipofika nje nikaona kwamba miezi yangu minne imekwenda na maji. Na si hiyo tu. Kuna watu walishapokea neno langu. Nitawaambia nini?"

"Watu gani?" akauliza Bi Nyanzala.

Kabula akamgeukia Shangazi Mwamini. Na hapo, kwa namna Shangazi alivyojifunga upya khanga yake, Kabula akajua kwamba neno lake halikufika.

"Wifi," akasema Shangazi Mwamini, "Kabula ameposwa. Tangu miezi miwili iliyopita. Fundi Kulwa, mtu mzuri, mimi mwenyewe nimepokea posa. Nilingoja upate kibali ndipo nikwambie. Ningekwambia kabla, ungeona unafukuzwa. Nilistahili kuliamua hilo, mimi ndiye mkubwa kwenu. Kama nimekosa, nimekosa kwa kukuonea huruma."

Bi Nyanzala akapapasa kigoda, akapapasa ukuta, akakaa vizuri.

"Kumbe," akasema. "Kumbe siku ile nilipomwambia yule bwana kwamba ninaye mtu, nilikuwa sina tena. Maganga aliandika uongo, uongo wake ukageuka kweli wenyewe. Mimi nikasema kweli, kweli yangu ilikuwa imeshakwisha. Na wote mlijua mambo nusu nusu, na mimi nusu yangu ndiyo ndogo kuliko zenu." Kisha akamgeukia wifi yake. "Mngeniambia, Mwamini. Ningesema jirani. Wallahi ningesema jirani, kwa sababu ningejua namfungulia mlango na yeye. Mimi nilidhani nina kitu kimoja tu cha kumpa mtoto huyu, nacho ni kumtaja. Nikampa. Nami nilistahili kushukuru kwa mdomo wangu kabla sijafa."

Sasa ninyi mtasema, basi lirekebishwe, Kabula aolewe, Maganga aandike barua nyingine. Subirini. Kulwa alituma salamu kwamba atangoja mpaka karanga zing'olewe, si zaidi, watoto wake watatu wanalala na njaa ya mama. Hakuwa na ukali. Alikuwa na watoto.

Bi Nyanzala akasema, "Kabula, nenda kaolewe. Mimi nitakaa peke yangu."

Kabula akasema, "Siendi popote nikuache unapapasa kuta. Na nyumbani kwa mume mwingine siwezi kukupeleka, mama wa marehemu mume wangu, watu watatuzomea sote na wewe hutakubali."

Bi Nyanzala akasema, "Kweli, sitakubali."

Shangazi Mwamini akasema, "Aje kwangu." Akasema hivyo naye ana miaka themanini, na maji ya kuoga anachotewa na Kabula.

Maganga akasema, "Basi narudi mimi. Naacha kila kitu, narudi." Na nyuma ya sauti yake, kwenye simu, wakasikia mtoto akiuliza jambo kwa lugha ya kule, na mke wake akimwambia mtoto anyamaze. Maganga mwenyewe hakulirudia neno hilo.

Iliyobaki ilikuwa njia moja. Nchi ile inampa mtu siku ishirini na nane za kukata rufaa. Lakini kwa kuwa Bi Nyanzala alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, na ikaandikwa, hawatasikiliza barua ya uchumba wala ya ndoa. Wangesema, mmeyatunga baada ya kunyimwa. Mwanasheria wa huko alimwambia Maganga kwamba kuna kitu kimoja tu kinachoweza kulifungua jalada lile. Akakiandika, Maganga akakituma, kikachapwa dukani kwenye mashine ya fotokopi karibu na stesheni. Karatasi moja, sentensi mbili.

Sentensi ya juu ni ya Bi Nyanzala: *Maneno niliyosema siku ya mahojiano kuhusu Kabula hayakuwa kweli.*

Sentensi ya chini ni ya Kabula: *Mimi sikuwahi kumtunza mama huyu.*

Kabula aliposomewa hakuchukua muda. Akaomba kalamu, akaandika jina lake chini ya sentensi yake, herufi kwa herufi. Miaka sita. Shangazi Mwamini akageuza uso. Kabula akasema, "Ni karatasi tu, mama. Mimi najua, wewe unajua, na Mungu anajua. Mnataka nini zaidi? Mimi nataka uwaone watoto. Na mimi nataka kuwa na wangu."

Bi Nyanzala akasema, "Umesaini?"

"Nimesaini."

"Bila kuniuliza?"

"Ungekataa."

Na kwa kweli alikataa. Alikataa siku ya kwanza, akakataa wiki ya kwanza, akakataa wiki ya pili. Alisema, "Mimi sijawahi kumkana mtu maishani mwangu, nianze nikiwa na mguu mmoja kaburini? Wakiulizwa kesho wenye kumbukumbu, nani alimtunza Nyanzala, karatasi itajibu hakuna. Na mimi ndiye niliyetia dole." Maganga akamwomba. Shangazi akamwomba. Kabula hakumwomba tena, alikuja alfajiri, akawasha moto, akamwogesha, akaondoka. Hilo ndilo lililomshinda mama kuliko maombi ya wote. Hakutaka kumdhalilisha mtu yule. Na hakutaka kumfunga.

Siku ya ishirini na nane wakakaa tena. Wino wa dole uko kwenye kisahani. Karatasi iko juu ya kigoda. Maganga yuko kwenye simu. Kulwa, siku hiyo hiyo, ameshaanza kung'oa karanga zake.

Bi Nyanzala akachovya kidole gumba kwenye wino. Akakiinua. Lakini haoni sentensi iko wapi, haoni karatasi inaishia wapi. Kidole kikawa kinaelea hewani, kinatafuta. Kabula akasogea, akaushika mkono wa mama yake, akauleta juu ya mahali penyewe.

"Ni hapa?" akauliza Bi Nyanzala.

"Ni hapa, mama," akasema Kabula.

Mimi hapa ndipo ninapoishia, na msinivute kanzu. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nabadili jibu langu, na mke wangu ana lake ambalo halibadiliki, naye hanisemeshi siku nikimpinga. Maganga alistahili kumpata mama yake, kwa kuwa alimtafuta kwa miaka mitatu. Kabula alistahili kuachiwa aende, kwa kuwa alikaa miaka sita bila kuombwa. Shangazi Mwamini alistahili angalau kusamehewa. Na Bi Nyanzala alistahili kufa na neno lake likiwa zima, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuacha. Hawawezi kupata wote. Kidole kiko juu ya karatasi, wino unakauka, na mkono unaokishika unangoja.

Je, nani alistahili?